Kujifunza Taarab Mji Mkongwe: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki

Kila Jumamosi, kabla hata hatujazitoa fidla kwenye masanduku yake, pana mtu amesimama mlangoni na swali. Wengine hupiga simu, wengine humtuma mtoto. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mara nyingi na kuyajibu kama ninavyoyajibu pale mlangoni, ila hapa nimepata nafasi ya kukaa nayo kidogo. Mimi napiga udi. Wenzangu wawili, mmoja ni wa fidla na mwingine wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Tunafundisha katika chumba cha chini cha nyumba ya zamani, na Alhamisi usiku chumba hichohicho huwa cha mazungumzo.

Darasa ni la watu wa umri gani?

Kwa sasa mdogo wetu ana miaka sita na mkubwa wetu ana miaka sabini na mbili. Watoto huja Jumamosi asubuhi, watu wazima huja Jumatatu na Jumatano baada ya sala ya alasiri. Jumapili alasiri tunakaa wote pamoja, wakubwa kwa wadogo, tunapiga wimbo mmoja polepole mpaka utulie. Siku hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtoto anapomwona baba wa watu amekosea mara tatu na bado hajainuka kitini, anajifunza jambo ambalo mimi siwezi kumfundisha kwa maneno.

Sijui hata nota moja. Naweza kuanza?

Ndiyo, na huenda ukawa na afadhali, maana sikio lako halijafungwa bado.

Vikundi vikubwa vya hapa husoma nota, nasi tunazifundisha, lakini hatuanzi nazo. Tunaanza na kusikiliza. Mwezi wa kwanza mwanafunzi huimba zaidi kuliko anavyopiga. Namwimbia sentensi fupi ya muziki, anairudisha kwa mdomo, kisha anaitafuta kwenye nyuzi. Sababu ni kwamba taarab yetu imejengwa juu ya makamu, yaani njia za kupanga sauti, na kila moja ina tabia yake: rasti, bayati, hijazi, sika, nahawandi, saba na nyinginezo. Ndani ya baadhi ya makamu hizo mna sauti ambazo kinanda hakina. Sauti ya pili ya bayati imekaa katikati ya vipande viwili vya kinanda. Ukibonyeza cha chini umekosa, ukibonyeza cha juu umekosa. Ndivyo ilivyo kwa sauti ya tatu ya rasti. Udi na fidla zinaipata kwa sababu shingo zake ni laini, hazina vipande vya chuma vya kuigawa kama gitaa. Kidole kinakaa popote sikio linapotaka, na kwa hiyo ni sikio linalotakiwa kujua kwanza.

Wazazi wengi hudhani haya ni mambo magumu mno kwa watoto wao. Mimi huwauliza: mtoto anasoma chuoni, yaani madrasa? Basi bayati ameisikia. Wasomaji wengi wa Qur'ani waliofuata mtindo wa Misri huanza kisomo chao na bayati, na humalizia nayo. Hijazi anaisikia kwenye adhana. Mtoto wa Unguja anakuja kwetu na sauti hizo tayari zimo kichwani. Kinachobaki ni kumwonyesha zilipo kwenye uzi.

Taarab ilifikaje hapa? Ni yetu au ya Waarabu?

Swali hili huja na moto kidogo, hasa kwa vijana, na nalipenda.

Simulizi inayokubaliwa na wengi huanzia kwa Sultan Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Alipenda muziki wa Misri, akaleta wapigaji kutoka huko, na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwan Safaa, chama ambacho kipo mpaka leo, na vyombo waliviagiza kutoka Misri. Wakati huo nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wasikilizaji wake walikuwa wachache, watu wa jumba na wa nyumba kubwa.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akiwa binti wa watu wa kufinyanga, na aliuza vyungu kwa miguu kabla hajahamia mjini. Akakaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba za makuti na watu wa kazi, na akaimba kwa Kiswahili. Aliimba habari za mahakama, za wizi, za wanawake walioonewa, za watu ambao majina yao hayakuwahi kutajwa kwenye wimbo wowote. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasikika pwani yote. Alifariki 1950.

Kwa hiyo mimi hujibu hivi: vyombo vilitoka Misri, mashairi yametoka kwetu, na Siti ndiye aliyeufungua mlango kati ya viwili hivyo. Siti Muharam, ambaye ni kitukuu chake, anaimba mpaka leo. Watoto wetu wanapomsikia, huwa nawaambia wasikilize jinsi anavyovuta neno kabla ya kuliacha.

Culture Musical Club ilikuja baadaye, mwaka 1958, nayo ndiyo iliyofanya taarab ya Unguja ijulikane nchi za mbali zaidi. Ukipita karibu na klabu jioni ya mazoezi, simama. Hakuna atakayekufukuza ukiwa mtulivu.

Nichague chombo gani?

Usichague siku ya kwanza. Kaa katikati ya chumba kwa wiki mbili, sikiliza, kisha mwili wako utakuambia. Hata hivyo najua hutaridhika na jibu hilo, basi nitaeleza.

Udi una nyuzi kumi na moja: jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake. Ni mwepesi kuubeba, mgumu kuuelewa. Tumbo lake ni mviringo, kwa hiyo mwanzoni unateleza mapajani na mwanafunzi hutumia nguvu zake zote kuuzuia badala ya kuupiga. Tunatumia kitambaa cha ngozi chini yake mpaka mtu azoee. Watoto wa chini ya miaka kumi huwa mikono yao haijafika.

Kanuni ni bahari. Ina nyuzi 78 kwa kawaida, zikiwa tatutatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, zenye vikwaruzo vya kupigia. Upande wa kushoto pana vijipande vidogo vya chuma vya kuinua na kushusha ili kubadili makamu katikati ya wimbo. Kuifunga sauti peke yake, kabla hujapiga chochote, kunaweza kula saa nzima kwa anayeanza. Tunayemfundisha kanuni ni mtu mwenye subira, na mara nyingi amekuwa mtu mzima aliyestaafu.

Fidla inawafaa watoto kwa sababu inapatikana kwa saizi ndogo: robo, nusu na robo tatu. Mtoto wa miaka sita huanza na ya robo. Mwezi wa kwanza inalia vibaya, na naomba familia zivumilie. Msimwambie mtoto akapige nje. Mwambieni aendelee.

Dumbaki ndiyo ngoma ya kiganja, na ndiyo ninayompa kila mtu, hata anayejifunza chombo kingine. Sauti zake kuu ni mbili, dum ya katikati na tak ya ukingoni. Mtu akishajua kupanga dum na tak, haanguki tena wimbo unapogeuka.

Akodiani tunayo moja. Ile ya kawaida haina zile sauti za katikati nilizozitaja, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye hijazi na nahawandi lakini kwenye rasti lazima mpigaji ajue anyamaze wapi. Kujua kunyamaza ni nusu ya kupiga akodiani katika taarab, nami nimewasikia wazee waliolijua hilo vizuri sana.

Nai ya kupuliza, rika ambayo ni tari ndogo, chelo na besi tunazo kwa kuazima, na mwalimu wa nai huja mara moja kwa mwezi.

Lazima ninunue chombo?

Hapana. Usinunue kitu chochote katika miezi mitatu ya mwanzo. Tuna vyombo vya darasani, na mtoto anaweza kuazima fidla kwa wiki nzima mzazi akiweka saini.

Ukija kununua, nenda na mtu anayejua. Udi wa kupamba ukuta na udi wa kupiga hufanana sana dukani. Angalia shingo kama imepinda, angalia kama uso umeshikana na mbavu pande zote, na bonyeza nyuzi karibu na tumbo uone kama vidole vinaumia.

Kisha uutunze. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu; nyuzi za chuma zinashika kutu upesi na gundi inalegea. Niliwahi kuuacha udi wangu wa kwanza karibu na dirisha la magharibi mchana mmoja wa Kaskazi, nikarudi nikakuta uso umepasuka kuanzia tundu kubwa hadi chini. Fundi aliushona, lakini sauti yake ya zamani haikurudi. Futa nyuzi kila ukimaliza, uweke ndani ya sanduku, mbali na jua na mbali na ukuta wenye fukuto.

Je, mnafundisha kidumbak?

Ndiyo, tena kwa moyo wote. Kuna watu wanaoiona kidumbak kama ndugu maskini wa taarab, na hilo linanisikitisha. Ni muziki wa harusi za shamba na za Ng'ambo: fidla moja, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonga, na sanduku. Sanduku ni lile la chai, limegeuzwa chini juu, limetobolewa na kufungwa uzi mmoja unaoshikwa na fimbo. Mpigaji akiivuta fimbo sauti inapanda, akiilegeza inashuka, na hapo umepata besi bila kununua besi.

Kwa watoto, kutengeneza sanduku ni somo bora kuliko masomo mengi ya sayansi niliyosoma mimi. Wanaona kwa macho yao kwamba uzi uliokazwa unatoa sauti ya juu na uliolegea unatoa ya chini, kwamba boksi kubwa linanguruma na dogo linakoroma. Likizo iliyopita walitengeneza matatu. Moja lilivunjika, wakalitengeneza tena wenyewe.

Na anayeweza kupiga fidla ya kidumbak usiku kucha huku watu wanacheza mbele yake, nyimbo zikiunganishwa moja na nyingine bila kusimama, huyo ni mwanamuziki kamili.

Mwanangu ana skuli asubuhi na chuoni alasiri. Ataweza?

Ataweza kwa Jumamosi peke yake. Hatutaki mtoto akose chuoni kwa sababu yetu, na hatutaki aje amechoka akalale juu ya fidla. Nyumbani dakika kumi na tano kila siku zinatosha. Dakika kumi na tano za kila siku zinamfikisha mbali kuliko saa mbili za Ijumaa.

Wakati wa mitihani tunampunguzia. Ramadhani tunafunga vyombo mwezi mzima. Tunarudi siku ya Idi, na hiyo ni desturi ya zamani hapa: taarab ya Idi, watu na nguo mpya, watoto macho hayafungi.

Vipi kuhusu dini? Mume wangu hataki.

Swali hili naliheshimu kuliko mengine yote, na silijibu kwa haraka.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya muziki tangu zamani, na mimi si mwanazuoni. Siwezi kukupa fatwa na siwezi kuingia kati ya mke na mume. Ninachoweza ni kukueleza tunavyoishi humu ndani. Adhana ikilia, vyombo vinawekwa chini. Darasa halivuki magharibi. Nyimbo za matusi hatuimbi. Watoto wa kike na wa kiume wanakaa kwa heshima, na mlango huwa wazi daima. Mzazi anaweza kuingia wakati wowote bila kubisha.

Mwambie mume wako aje Jumatano moja, akae kwenye barza yetu hapo nje, anywe kahawa na asikilize. Akiridhika, kheri. Asiporidhika, pia tutabaki majirani, na mtoto atakaribishwa kwenye mazungumzo ya Alhamisi ambako hakuna chombo kinachopigwa.

Binti yangu anataka kupiga chombo, si kuimba. Inafaa?

Inafaa kabisa. Kwa muda mrefu watu walizoea kumwona mwanamke mbele anaimba na wanaume nyuma wanapiga. Lakini Unguja imekuwa na vikundi vya wanawake tangu enzi za bibi zetu, na leo kipo kikundi cha Tausi ambacho wapigaji wake ni wanawake, kuanzia fidla mpaka ngoma. Nimewapeleka wasichana wetu kuwasikiliza. Mmoja alirudi akaomba kubadili kutoka kuimba kwenda chelo, na chelo ni kubwa kuliko yeye. Anaipiga akiwa amekaa kwenye mto.

Bibi yetu ana miaka sabini. Atakuja kufanya nini?

Atakuja kufundisha.

Nasema hivi kwa sababu imetutokea. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anamleta mjukuu wake, anakaa pembeni na mkoba wake. Siku moja tulikuwa tunahangaika na ubeti wa wimbo wa zamani, neno moja halipatikani. Kila mmoja ana lake. Akasema pale alipokaa, bila kuinua kichwa, "Si hivyo, wanangu," akautoa ubeti wote, na unaofuata, na mwingine ambao hatukujua kama upo. Sasa ana kiti chake. Watoto wanamwita Bibi Maneno, naye anawasahihisha matamshi ya *dh* na *gh* kwa ukali ambao mimi sithubutu.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alikuwa akipanda jukwaani katika umri ambao wengi wameshalala kitandani, mpaka karibu na kifo chake tarehe 17 Aprili 2013. Alimfuata Siti akiwa mdogo, akajifunza kwa kusikiliza, na baadaye akawa mkubwa wa unyago aliyewafunda wasichana wengi. Yeye hakusoma katika skuli yoyote ya muziki. Kwa hiyo mlete bibi. Vidole vikiwa vizito, tutampa rika ndogo au hatutampa chochote, ila kahawa.

Sina sauti wala vidole. Nataka kuandika mashairi tu.

Basi wewe ndiye tunayekuhitaji zaidi. Wapigaji tunao, watunzi ni wachache.

Wimbo wa taarab asilia mara nyingi hupangwa kwa beti za mistari mitatu. Kila mstari una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na vina viwili: kimoja katikati, kingine mwishoni. Niliandika ubeti huu ubaoni kwa ajili ya darasa:

Jioni nimewasili, udi wangu nimeshika,
Wazee kwa wanawali, barazani wamefika,
Nyuzi zimesema kweli, usingizi ukatoka.

Hesabu kwa vidole: *ji-o-ni-ni-me-wa-si-li*, nane. Katikati kina ni *li*, mwishoni ni *ka*. Angalia pia kwamba *m* ya "mtoto" ni mizani yake mwenyewe, *m-to-to*, tatu, lakini "mbali" ni mbili tu, *mba-li*. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, hata waliosoma sana.

Ukishaweza mizani, kazi ndiyo inaanza, maana ubeti wangu huo umetimia kwa hesabu lakini hauna fumbo. Taarab nzuri husema jambo na kulificha. Mwimbaji anaimba juu ya ua, na kila aliyeketi anajua ua ni nani. Ndiyo maana mazungumzo yetu ya khanga yalijaa kuliko yote: maneno ya khanga na maneno ya taarab yamelelewa nyumba moja.

Mazungumzo ya Alhamisi ni nini hasa?

Ni kikao cha baada ya sala ya isha, bila malipo na bila kujiandikisha. Mtu mmoja anayejua jambo anaeleza, wengine tunauliza. Hatutumii kipaza sauti. Mzungumzaji anaweza kuwa mwalimu wa chuo kikuu au seremala, na kusema kweli maseremala wametufundisha mengi.

Fundi wa milango alikuja akatuonyesha jinsi ya kuitofautisha ile ya zamani yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ile yenye tao la mviringo iliyofuata mkono wa mafundi wa Kihindi. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu wanachelewa darasani kwa sababu wanasimama kwenye kila mlango. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kila siku tunapita mbele ya milango hiyo bila kuitazama.

Usiku wa khanga tuliwaomba watu waje na za nyumbani. Walikuja nazo, nyingine zimepauka, nyingine hazijakatwa hata pindo. Kila mwenye yake alisimama, akasoma jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa sauti na kueleza aliyempa na kwa nini. Wengine walicheka. Mama mmoja alisoma, akaketi, hakueleza, na hakuna aliyemuuliza.

Karibu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tunafanya usiku wa ngoma za Pemba: msewe na zile njuga za miguuni, na kibati ambacho watu wawili hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo huku ngoma inakimbia. Watoto wa mjini hawazijui. Wanapaswa kuzijua.

Watoto wanaruhusiwa Alhamisi. Akilala, alale, mikeka ipo.

Ada ni kiasi gani?

Mtoto halipi. Mtu mzima huchangia kwa mwezi kadiri tulivyokubaliana naye, na mchango huo ndio unaonunua nyuzi na kulipa umeme. Asiye na uwezo aniambie mimi faraghani, tutaelewana.

Nataka cheti au diploma.

Sisi hatutoi. Kwa njia hiyo nenda Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa hapa Mji Mkongwe mwaka 2001 na kinachojulikana zaidi kwa herufi za jina lake la Kiingereza, DCMA. Kimelea wanamuziki wengi wanaosikika leo. Kwa sanaa za jukwaani kwa upana wake, ngoma, maigizo, sarakasi, muziki, ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Wanafunzi wetu wawili wameshapita njia hizo, na tunaona fahari.

Mnafundisha taarab ya kisasa?

Hapana, lakini hatuidharau. Rusha roho na mipasho vina mashabiki wengi, na kuna waimbaji wake wenye koo ambazo ningefurahi kuzifundisha udi. Kinanda cha umeme kinajifunzwa mahali pengi. Bayati ya kidole haijifunzwi mahali pengi, ndiyo maana tumechagua hiyo.

Ninaishi Tanga, Mombasa, Dar es Salaam. Nifanyeje?

Uko kwenye taarab tayari. Tanga ndiyo nyumba ya Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoibadili taarab kwa magitaa. Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vya Egyptian na Al-Watan. Mombasa ilikuwa na Juma Bhalo na nyimbo zake zenye harufu ya filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin mwenye udi ambao mimi mpaka leo nausikiliza ninapotaka kukumbuka kwa nini nilianza. Uliza mzee yeyote mtaani kwako nani alikuwa akipiga kwenye harusi za zamani. Nenda kwake, usiende mikono mitupu, na usianze kwa kumwomba afundishe. Mwombe akusimulie.

Nikienda kusikiliza taarab ukumbini kwa mara ya kwanza, nijue nini?

Vaa vizuri. Mwanzo mara nyingi hupigwa bashraf, muziki usio na maneno; usidhani mwimbaji amechelewa. Wimbo ukikugusa, nenda mbele polepole, umtunze mwimbaji kwa noti yako, kisha urudi kitini. Wakati wa kwenda unaangaliwa: ukienda kwenye ubeti wa mafumbo, ujue watu watatafsiri.

Naweza kupiga picha na kurekodi?

Rekodi somo lako mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Watoto wa wengine usiwapige picha bila idhini ya wazazi wao, na wazee usiwarekodi kabla hujawauliza.

Itachukua muda gani mpaka nipige mbele za watu?

Dumbaki, miezi sita ikiwa unafanya mazoezi. Fidla, mwaka na nusu hadi miwili. Udi, utapiga wimbo mmoja ndani ya mwaka. Kanuni, nisikudanganye, miaka. Mwenzetu wa kanuni anaipiga mwaka wa kumi na nane sasa, na wiki iliyopita alitusimamisha katikati ya wimbo kwa furaha kwa sababu kidole chake kilikuwa kimepata kitu kipya.

Siku ya kwanza nije na nini?

Daftari lisilo na mistari na kalamu ya risasi. Kata kucha za mkono wa kushoto ukichagua udi au fidla, maana kucha ndefu haziruhusu kidole kushuka juu ya uzi. Viatu vinabaki kizingitini. Fika saa kumi na nusu, kabla hatujaanza kufunga sauti, na kaa upande wa kanuni. Huko ndiko utakakosikia nyuzi zote zikitafutana moja moja kabla wimbo haujaanza.